Mkalimani Aliyemsikiliza Paka

Paka wake alikuwa na akili kuliko yeye. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nimelificha. Nilikaa jirani nao miaka minane, katikati yetu ua wa matete, mimi mwalimu wa kike wa shule ya msingi, yeye mkalimani wa mahakama ndogo ya pale kituoni petu, kando ya barabara itokayo Kasulu kwenda Kibondo. Watu wote walimwita Mkalimani, hata mkewe. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, hayo ataeleza mwingine. Mimi ninayo ya kwake mengine ya kutosha.

Kazi yake haikuwa ngumu kuielewa. Mahakimu waliletwa kutoka mikoa mingine, wakifika hawajui Kiha hata cha kuombea maji ya kunywa. Wananchi nao, hasa wazee na wanawake wa milimani, Kiswahili chao kilikuwa cha salamu na cha sokoni. Kati yao alisimama yeye, koti jeusi, kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki. Mtu aliweza kusema Kiha dakika kumi nzima, akataja babu yake, mpaka wa mawe, mti uliopigwa radi na mvua iliyochelewa mwaka ule. Mkalimani alimsikiliza amefumba macho. Kisha alimgeukia hakimu akasema, "Anakataa, mheshimiwa." Hakimu akaandika kwamba amekataa.

"Maneno ni muhogo," alipenda kutuambia. "Humpi mgeni na maganda yake." Au siku nyingine: "Kiha kina maneno mengi, na serikali ina karatasi chache." Hilo la karatasi lilikuwa kweli, maana miaka hiyo hata sisi shuleni tuliwaandikisha watoto pande zote mbili na pembeni. Lakini yeye alilitumia hata pale hakimu alipokuwa na daftari jipya mbele yake.

Msomaji atauliza kama hapakuwa na mtu wa kumsahihisha. Walikuwepo. Kulia na kushoto kwa hakimu waliketi wazee wawili wa baraza, Waha wa kuzaliwa, wakisikia kila neno linalosemwa na kila neno linaloachwa. Lakini kwetu kazi ina mwenyewe. Kumkatiza Mkalimani mbele ya hakimu kulihesabiwa sawa na kumshika mtu mkono wakati anakula. Mmoja wa wazee hao niliwahi kumuuliza kwa nini hasemi kitu. Alinitazama kana kwamba nimemtaka avue kanzu hadharani.

"Mwalimu," akasema, "darasani kwako nani anakusahihisha?"

Basi na tumwache mtu kwanza, tumtazame paka. Alikuwa jike la kijivu, ncha ya mkia imekatika, macho kama ya mtu anayekusubiri umalize uongo wako. Mkalimani alimpa jina la Wakili. Kwa sheria mawakili hawakuruhusiwa katika mahakama ndogo kama ile, na yeye alijiona amefanya mzaha mkubwa sana kuwa na mmoja nyumbani. Aliurudia kwa kila hakimu mpya, na kila hakimu mpya alicheka mara moja.

Masika moja Wakili alirudi na mguu wa mbele umevimba. Nadhani ulikuwa mwiba. Mkalimani alimfunga kitambaa, akamlisha dagaa wa Kigoma waliotolewa vichwa, akampa na maziwa ambayo mkewe alikuwa ameyaweka yagande. Mguu ulipona kwa wiki mbili. Kuchechemea ndiko hakukupona. Nilimwona kwa macho yangu akiruka ua wetu, akikimbiza mijusi, akipanda paa la jiko bila taabu yoyote. Akisikia tu viatu vya Mkalimani kwenye changarawe, mguu juu, uso wa msiba, anachechemea hadi mlangoni. Siku moja, pengine kwa haraka, alichechemea mguu wa kushoto badala ya wa kulia. Nikamwita Mkalimani aje aone.

Akaja akamtazama. "Maumivu yamehama, mwalimu," akasema. "Hata watu huwatokea."

Huyu ni mtu aliyesimama kando ya kizimba miaka ishirini, na aliyejisifu kwamba anamjua mwongo kwa jinsi anavyomeza mate.

Mlango wa jiko lao ulifungwa kwa kijiti kilichopitishwa kwenye pete ya waya. Wakili alijifunza kukivuta kijiti kwa meno. Mkalimani akaweka komeo la chuma, naye akajifunza kuruka na kuning'inia kwenye komeo mpaka linashuka. Mkalimani akaegemeza jiwe kwa nje, na hapo sote tukadhani shauri limekwisha. Siku ya tatu paka alikwenda akasimama mbele ya lile jiwe, akalia kwa sauti nyembamba ya mtoto wa paka aliyefungiwa ndani. Mke wa Mkalimani alikimbia akaliondoa. Ndani hapakuwa na mtoto wa paka, ila sufuria ya samaki, na Wakili alikuwa amekwisha pita katikati ya miguu yake.

Mama huyo, mkewe, alikuwa na ulimi kuliko sisi sote. "Mimi nikianza kumweleza habari za kisima kukauka, ananiambia fupisha," aliniambia tukiwa tunaanua nguo kila mtu upande wake wa ua. "Paka akilia mara moja, anamjibu mpaka chai inapoa."

Ilikuwa kweli, na nilishangazwa na lugha aliyomjibia. Mkalimani hakupenda kusemeshwa Kiha njiani. Ukimwambia *mwakeye* asubuhi, alikujibu "habari za asubuhi" kwa sauti ya redio, akaongeza kwamba nchi hii ina lugha moja. Lakini nyuma ya ua ule, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, alizungumza na paka Kiha cha bibi zetu, kirefu, chenye mafumbo na vijembe, ambacho sisi vijana hatukukiweza tena. Alimuuliza habari za panya. Alimpa pole ya baridi. Alimnyamazia kidogo ajibu, kisha akaendelea. Siku nilipomkuta akasema, bila haya, kwamba paka hajui Kiswahili.

Usije ukadhani Wakili alimrudishia uaminifu. Mwenye duka la pale kituoni, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, alikuwa na paka wake kipenzi aliyeitwa Mwanaidi. Katekista wa kigango naye alikuwa na wake, Tereza. Ijumaa Tereza alipewa samaki kwa katekista, maana nyumba ile haikula nyama siku hiyo. Ijumaa hiyohiyo, watu wakishatoka kuswali, Mwanaidi alipewa nyama kwa mwenye duka. Mambo yalienda vizuri mwaka mzima, mpaka mwenye duka alipomfunga Mwanaidi uzi mwekundu shingoni kumpamba kwa Idi. Mkalimani akamwona Wakili wake amevaa uzi wa mtu mwingine, akaenda dukani na koti lake jeusi. Katekista alikuwa palepale akinunua chumvi, akamtambua Tereza.

Mkalimani alidai haki zake kwa muda mrefu, na siku ile hakufupisha. Mwenye duka alimsikiliza ameweka viganja juu ya meza.

"Paka wa nyumba haingwa, hafukuzwi, bwana," akasema mwishoni. "Ila hujatuambia ni wa nyumba ipi."

Paka mwenyewe alikuwa juu ya gunia la maharage anajilamba. Alipoona wanaume watatu wamemkodolea macho, alishuka taratibu, akatoka kwa mlango wa nyuma, na kwa siku tatu alikwenda kula kwa muuguzi wa zahanati, ambako sijui aliitwa nani.

Sasa nifike kwenye akili yake kubwa, ile iliyotuumiza. Wakili alikuwa anakuja mahakamani. Hakuja kila siku. Alikuja siku za mashauri tu, saa saba kasoro, akakaa kizingitini akimtazama Mkalimani, kwa sababu saa saba mahakama ilisimama na Mkalimani alikwenda nyumbani kula. Siku ambazo hakimu yuko safarini hakuonekana. Mkalimani alieleza kwamba anasoma tangazo ubaoni, na kuna watu waliomwamini. Mimi niliona ni koti. Siku za mashauri alivaa lile jeusi, siku nyingine sweta. Nilipata hakika siku alipolivaa kwenda mazishini. Saa saba kasoro, mahakama imefungwa kwa kufuli, Wakili alikuwa amekaa kizingitini peke yake anangoja. Nilimweleza Mkalimani, naye akaninunia siku mbili.

Mwanzoni paka ndiye aliyefuata saa ya mahakama. Baadaye, na sikuona ilianza lini hasa, mahakama ikawa inafuata saa ya paka. Akitokea mlangoni, hata kama ni saa sita na nusu, Mkalimani alianza kukohoa. Tafsiri zake, ambazo tayari zilikuwa mifupa mitupu, zikapungua zaidi. Hakimu naye ana tumbo, alifunga daftari. Wazee wa baraza walitafuta fimbo zao. Paka alikwishaelewa, na msomaji naweza kumhakikishia hili, kwamba akiwahi kidogo anakula mapema kidogo. Kwa hiyo kila mwezi aliwahi zaidi.

Kabla sijasimulia siku ya mama yangu, haki inanitaka niseme jingine. Mkalimani aliwasomea watu barua. Wanaume wengi wa kwetu walikwenda mkongeni, Tanga na Morogoro, na barua zao ziliandikwa kwa Kiswahili na makarani wa huko. Wake zao walimletea Mkalimani nyumbani. Alizisoma na kuzitafsiri neno kwa neno, hakuruka hata ile "natumaini u mzima kama mimi nilivyo mzima", akazirudia mara mbili, na mama mwenye barua akilia, yeye alingoja mpaka amalize. Hakupokea hata kuku. Mama yangu alisomewa hivyo barua za baba kwa miaka mitatu, mimi sijazaliwa. Alisema sauti ya baba mkongeni ilikuwa sauti ya Mkalimani. Ndiyo maana, siku alipoitwa mahakamani, hakuwa na hofu.

Baba alipofariki, baba yangu mdogo alilidai shamba la migomba lililo juu ya kijito. Alisema ni mali ya ukoo, mwenye nalo akifa linarudi kwa ndugu zake. Mama alisema si la ukoo. Yeye na baba walilifyeka wenyewe kutoka msituni wakati hakuna ndugu aliyelitaka, na aliyefyeka hafukuzwi alipofyeka. Kesi nzima ilikuwa hapo, nani alifyeka. Mama hakuwa na sehemu nyingine ya kukaa ila ile.

Niliomba ruhusa shuleni, nikaenda nikakaa benchi la nyuma. Baba mdogo alisema maneno machache kwa Kiswahili chake cha sokoni: shamba lilikuwa la kaka yake, kaka yake amekufa. Kisha mama akapanda kizimbani. Alisema vizuri. Alisema kama mtu aliyekaa na maneno hayo mwaka mzima, mikono miwili juu ya ubao wa kizimba, akimtazama Mkalimani na si hakimu, kwa kuwa ndiye aliyemzoea. Mkalimani alifumba macho. Mama akafyeka msitu wote ule mbele yetu.

Alikuwa bado hajafika mwisho Wakili alipotokea mlangoni. Ilikuwa saa sita na nusu, labda na dakika tano. Akalia mara moja. Mkalimani akafumbua macho, akakohoa, akangoja mama avute pumzi. Alipoivuta, akamgeukia hakimu.

"Anasema shamba lilikuwa la marehemu mume wake, mheshimiwa."

"Mdai naye kasema hivyohivyo," hakimu akasema. "Basi hawa wanakubaliana." Akaandika. Mama alifikiri anaandika yote aliyoyasema, akaitikia kwa kichwa.

Hakimu alikuwa mtu mchangamfu, sina ubaya naye. Alifunga daftari, akaelekeza kalamu yake mlangoni. "Na huyu naye anasemaje?"

Mkalimani akajiweka sawa. "Mheshimiwa, anasema yeye ni mkazi wa hapa kwa miaka kadhaa na hana ugomvi na mahakama hii tukufu. Anasema jana aliletewa dagaa wenye vichwa, jambo ambalo halikuwa katika makubaliano. Anasema kwamba hata hivyo amesamehe, lakini anaomba izingatiwe kuwa tumbo halijui kiapo, tena mvua imefunga upande wa Buhigwe na yeye hapendi kulowa. Mwisho anawasalimu wazee wa baraza, na anamtakia mheshimiwa chakula chema."

Mahakama nzima ilicheka. Wazee wa baraza walijifuta machozi. Mama yangu pale kizimbani, ambaye hakuelewa hata neno, aliona watu wamefurahi, naye akacheka kwa adabu. Kicheko kile cha mama ndicho sikuweza kukisahau.

Saa nane hakimu alitoa hukumu. Shamba likaenda kwa baba mdogo.

Tulipanda mlima pamoja, mama mbele. Njia nzima hakulia. Tulipofika penye kijito akasimama kuosha miguu, akasema, "Nimesema yote na wamesikia. Mtu akisikia akakataa, utamfanya nini?" Nilitaka kumwambia. Nilijiambia kwamba kumwambia ni kumwongezea kidonda, na nikanyamaza. Baba mdogo mwenyewe hakuifaidi ile migomba. Miaka miwili haikuisha watu wote wa milimani wakateremshwa kwenye vijiji vipya kando ya barabara, mama pia, na shamba likabaki la nyani.

Tangu siku ile nilianza kumlipiza Mkalimani. Sikumpigia kelele, sikumnyima salamu. Nilimcheka, na nilimcheka kwa bidii. Nilimwiga mbele ya walimu wenzangu, nimefumba macho, nimekohoa, "Anakataa, mheshimiwa," mpaka ikawa sehemu ya kila sherehe yetu. Pale kituoni mtu akikukatiza ulimwambia asikufanyie ya Mkalimani. Habari za mguu uliohama nilizisambaza mimi, na za uzi mwekundu, na za koti la mazishini, kwa kila abiria aliyesimama kunywa chai. Watu walisema mwalimu huyu ana ucheshi. Moyoni nilikuwa na jambo moja nililolijua kwa hakika, kwamba baba mdogo alimpa mbuzi. Sikuwa na ushahidi wowote, lakini nilimjua mpaka rangi yule mbuzi.

Alistaafu, akahamia kwa binti yake upande wa Kibondo, huko Murungu. Ua wa matete ukaanguka. Nilidhani nimemaliza naye.

Miaka kadhaa baadaye nilipelekwa Kibondo kusimamia mtihani wa darasa la saba, na Jumapili moja asubuhi nikapanda lori hadi Murungu kumtafuta. Nitasema ukweli wangu: nilitaka kumwona amezeeka vibaya.

Alikuwa amezeeka kama watu wanavyozeeka. Mkewe alikwisha tangulia. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, hana koti, anatafuna kitu kwa uangalifu mkubwa. Akakitoa mdomoni, akakiweka kwenye kifuu cha nazi. Wakili alikuwa miguuni pake, amekonda, hana meno, jicho moja limeingia ukungu. Alikuwa anamtafunia dagaa.

"*Mwakeye*," akaniambia, yeye wa kwanza, na tulizungumza Kiha siku nzima. "Kaa, mwalimu. Wewe ni binti wa yule mama wa migomba."

Nilikuwa nimejiandaa kumkumbusha mama. Sikuwa nimejiandaa kukuta anamkumbuka. Kwa hiyo nikauliza moja kwa moja lile nililotembea nalo miaka yote. "Mzee, baba mdogo alikupa nini?"

"Alinipa nini lini?"

"Siku ya kesi ya mama."

"Hakunipa kitu. Hata maji."

"Basi kwa nini ulimkata mama maneno?"

Alimtazama paka. "Wakili alikuwa mlangoni," akasema. "Nilidhani nitamalizia baada ya chakula. Mara hakimu akaandika. Tuliporudi saa nane nikaona nikimwambia nimeacha maneno, ataniuliza na ya watu wangapi wengine niliyaacha."

Natamani angesema mbuzi. Mbuzi ni kitu. Mtu akikwambia mama yako aliuzwa kwa mbuzi, unajua alikuwa na thamani ya mbuzi. Niliinuka niende zangu, na nadhani nilimwambia neno baya, ila silikumbuki kwa sababu alifumba macho na kuanza kusema.

Alisema kama mama. Si kwa kuiga, nami najua kuiga. Alisema maneno ya mama tu, kwa mpangilio wake, bila kuacha.

"Mimi na mume wangu tuliingia msitu ule na jembe moja, la kuazima, tena lilikuwa na mpini uliopasuka. Yeye alikata, mimi niling'oa visiki. Wanaume wa ukoo walipita wakatucheka, wakasema tunalimia nyani. Shemeji yangu huyu alicheka pamoja nao, na leo namwona hacheki. Miche ya kwanza nilipewa na mama yangu, nikaibeba kichwani kutoka kwetu mwendo wa siku nzima, ya ukoo hakuna hata mmoja. Mume wangu alipokwenda mkongeni nililima peke yangu miaka mitatu. Na chini ya mgomba wa tatu kutoka kijitoni ndipo nilipomzika mtoto wangu wa kwanza, aliyeishi siku tisa. Nilimzika mimi, baba yake hayupo. Msinipe shamba kama hamtaki. Nipeni nafasi ya kukaa karibu naye."

Huyo mtoto nilikuwa nimemsahau. Nasema nimemsahau, kumbe nilikuwa nimemsikia siku ile kwenye benchi kama alivyosikia yeye, nikamweka mbali.

Katikati ya maneno hayo Wakili alilia, akampapasa mguu kwa kucha. Kifuu kilikuwa kitupu. Nilimwona Mkalimani anaanza kumgeukia, mkono umekwisha kushuka. Akaurudisha magotini, akaendelea mpaka mwisho. Paka, ambaye nadhani hakuwahi kutendewa hivyo maishani mwake, alimkwaruza hadi damu ikatoka, kisha akaenda kumlilia binti wa Mkalimani jikoni.

"Mama yako yupo?" akaniuliza.

"Yupo."

"Mpelekee. Mwambie niliyasikia yote. Mwambie hakimu ndiye hakuyasikia, na kosa si lake."

Nilimpelekea. Mtihani ulipokwisha sikurudi kwangu kwanza, nilipitiliza kijijini kwake. Nilimkuta barazani anapukuchua maharage. Nikamwambia kila kitu, sikumenya hata neno moja, kuanzia kigoda mpaka mkwaruzo. Ilichukua muda mrefu na mama hakunikatiza hata mara moja. Nilipofika kwa mtoto wa siku tisa mikono yake ilisimama.

"Kwa hiyo yule hakimu hakusikia habari za mwanangu?"

"Hakusikia, mama."

"Mimi nilidhani alisikia, akaona si kitu." Akalirudia hilo mara mbili, polepole, kama mtu anayeshusha mzigo na hajui pa kuuweka. "Miaka yote hii nilidhani alisikia."

Nilifurahi. Niliona nimefanya jambo jema, tena kubwa. Nikaanza kumsema Mkalimani, paka wake na dagaa wake, kwa ule ucheshi wangu wa siku zote, na mama akaninyamazia mpaka nikaishiwa.

"Siku ile ulikuwa umekaa benchi la nyuma," akasema. "Nilikuona."

"Ndiyo, mama."

"Na Kiswahili ulikuwa umekwisha kijua."

"Nilikuwa nakijua."

Hakuniuliza kwa nini sikusimama. Alichukua ganda jingine akaendelea kupukuchua, na mimi nilikaa pale mbele yake bila paka wa kumsingizia.